Kuyachelewesha Maji: Ufundi wa Makingamaji Katika Nchi ya Mawe

Miongoni mwa kazi zote za mikono zinazohusu ardhi, kazi ya kujenga makingamaji kwenye mteremko wenye mawe ndiyo isiyopata sifa inazostahili, labda kwa sababu ikishafanywa vyema haionekani: mvua hunyesha, maji hayaporomoki, na mpita njia hudhani kwamba mvua yenyewe ilikuwa ndogo. Kingamaji ni mtaro au tuta, au vyote viwili pamoja, vinavyoukata mteremko kwa kufuata kontua, yaani ule mstari wa kuwaza unaounganisha sehemu zote za mteremko zilizo kwenye kimo kimoja. Kwa kuwa hakuna sehemu ya mtaro huo iliyo chini kuliko nyingine, maji yanayouingia hukosa pa kukimbilia. Hutandaa kutoka mwisho hadi mwisho, hutulia, na kuzama ardhini polepole. Mfereji wa kawaida huchimbwa kwa kuinamishwa ili maji yaondoke upesi, ilhali kingamaji huchimbwa ili maji yachelewe, na katika tofauti hiyo ndogo ya nia mna hesabu, vifaa na maamuzi ya kutosha kumshughulisha fundi umri wake wote.

Ni vigumu kupata mahali panapoupima ufundi huu kwa ukali kuliko visiwa vidogo vya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na miongoni mwa visiwa hivyo Remba ni mfano wa kupita kiasi. Kisiwa hiki, kilicho ndani ya maji ya Kaunti ya Homa Bay karibu na yale ya Migori, ni mwamba uliojitokeza ziwani, na juu ya mwamba huo wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wamesongamana katika nyumba za mabati zilizotenganishwa na vichochoro vyembamba. Watu huenda Remba kwa ajili ya sangara na omena, si kwa ajili ya kulima, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza makingamaji yana kazi gani mahali ambapo hakuna mashamba na maji yamezunguka pande zote. Jibu ni kwamba kinachokisumbua kisiwa cha namna hiyo ni haraka ya maji. Mvua inayoanguka juu ya mwamba na mabati hufika ziwani kwa dakika chache, ikiwa imebeba udongo mchache uliokuwapo, majivu, magamba ya samaki na uchafu wote wa makazi. Kisha ziwa hilo hilo, likishaupokea mzigo huo, ndilo linalochotwa kwa ndoo na mitungi.

Tena mawe hayaishii Remba. Vilima vya Gwasi, vilivyo ng'ambo bara, ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, na miteremko yake, pamoja na ile ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, imejaa mawe yaliyotapakaa juu ya udongo usio na kina. Nyatike, upande wa Migori, ina sehemu nyingi za namna hiyo. Ukanda huu wa ufuoni hupata mvua pungufu kuliko vilima vya Kisii, ambavyo hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua yenyewe huja kwa misimu miwili, ile ya masika kati ya Machi na Mei na ile ya vuli kati ya Oktoba na Desemba, ambapo sehemu kubwa ya maji ya msimu mzima yaweza kuanguka katika dhoruba chache. Anayeishi katika nchi ya namna hii huona mambo mawili kwa mwaka mmoja, mafuriko na kiu, na yote mawili yametokana na mvua ile ile.

Hesabu ya mvua ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na fundi yeyote anaweza kuifanya kichwani. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Dhoruba ya milimita 30, ikianguka juu ya kipande cha mteremko chenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 10, hutoa lita 3,000, sawa na mitungi 150 ya lita 20, mzigo ambao hakuna familia ingeweza kuubeba kutoka ziwani kwa siku moja. Udongo wenye nyasi na mizizi ungeyanywa mengi ya maji hayo, lakini mwamba mtupu huyaachilia karibu yote. Mtaro wenye urefu wa mita 10, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 una nafasi ya lita 3,600, kwa hiyo, karatasini, mtaro mmoja unatosha kuimeza dhoruba hiyo nzima. Nje ya karatasi mambo huwa na inda zaidi: mtaro hujaa matope, dhoruba ya pili hufika kabla ya maji ya kwanza kuzama, na jiwe moja likihama, maji yote ya mita 10 hutokea kwenye tundu moja kwa nguvu ambayo hayakuwa nayo yalipokuwa yametandaa. Nguvu hiyo hukua upesi kuliko mwendo wenyewe, kwa maana maji yakiongeza kasi yake maradufu, uwezo wake wa kusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana fundi mzuri hashindani na maji mahali ambapo yamekwisha kushika kasi; huyawahi juu, karibu na kilele, yangali membamba na mapole.

Kazi huanza kwa kupima, na kupima huanza kwa kukiri kwamba jicho la binadamu ni shahidi mbaya wa usawa. Kwenye mteremko ambao matabaka ya mawe yamelala upande, jicho huyachukua matabaka hayo kuwa ndiyo usawa wenyewe, na mtu anayechimba kwa kukisia huishia na mtaro unaoelekea bondeni bila yeye kujua, mpaka mvua ya kwanza imwonyeshe. Kifaa cha kuzuia kosa hilo hakigharimu zaidi ya muda wa kukitengeneza. Miti miwili iliyonyooka, yenye urefu wa kama mita mbili, hufungwa pamoja kileleni na kutanuliwa miguu. Mti wa tatu hufungwa ukiikata katikati. Na kutoka kileleni huning'inizwa timazi, yaani uzi wenye jiwe kwenye ncha yake, ambao uzito wa jiwe huufanya ushuke wima daima. Kwa sababu ya umbo lake, kifaa hiki hujulikana kwa jina la fremu ya A.

Uzuri wa fremu ya A uko katika namna inavyojisahihisha, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu wengi wanaoitumia hawajawahi kuonyeshwa kwa nini hufanya kazi. Fundi huisimamisha juu ya vigingi viwili vilivyopigiliwa mahali popote, hata pasipo sawa, na kutia alama pale uzi unapoukata mti wa katikati. Kisha huigeuza, mguu uliokuwa kwenye kigingi cha kulia ukahamia cha kushoto na wa kushoto ukahamia cha kulia, na kutia alama ya pili. Mwinamo wa ardhi ulioupeleka uzi upande mmoja mara ya kwanza utaupeleka kwa kipimo kile kile upande wa pili safari ya pili, kwa hiyo nukta iliyo katikati kabisa ya alama hizo mbili haina budi kuwa nukta ya usawa wa kweli. Hakuna sharti kwamba miguu iwe na urefu mmoja, wala kwamba mti wa katikati ufungwe kwa unyofu kamili, maana kasoro zote hizo hubebwa na alama zote mbili na kufutana. Ni vifaa vichache vinavyoweza kutoa ukweli kutokana na makosa mawili, na kati ya hivyo vichache, hiki pekee hutengenezwa kwa fito na jiwe la kuokota.

Alama ikishapatikana, fremu hutembezwa mteremkoni kama mtu anayepiga hatua, mguu mmoja ukikaa mahali pake huku mwingine ukipandishwa na kushushwa mpaka uzi uguse alama, na kila unapotua hupigiliwa kigingi. Wako wanaopendelea mpira mwembamba unaopenya nuru, uliojazwa maji, ambapo ncha zake mbili hushikiliwa na watu wawili na usawa husomwa kwa kimo cha maji pande zote mbili. Wengine hutumia pimamaji ndogo ya kuning'inizwa katikati ya kamba, ambayo imefundishwa kwa miaka mingi na maafisa wa kilimo nchini Kenya. Mpira una usahihi mkubwa zaidi, ila unadai watu wawili wanaoelewana. Katika visiwa na fuo za ziwa hili kuna sharti lingine lisiloandikwa katika vitabu vingi vya mafunzo, nalo ni upepo: mchana pepo za ziwani huutikisa uzi wa timazi hata usisomeke, kwa hiyo kazi ya kupima hufaa kufanywa asubuhi na mapema, au kwa jiwe zito kuliko lile ambalo lingetosha bara.

Vigingi vikishasimama, mstari wao huwa umejikunja huku na huko kwa kufuata kila jiwe na kila kishimo, na hapo fundi hulazimika kuamua. Akiufuata mstari huo bila kuugusa, atapata mtaro wenye kona zisizo na idadi. Akiunyoosha mno, ataharibu usawa aliouhangaikia. Huvihamisha vigingi vichache, kwa kiasi cha upana wa kiganja au hatua moja, na kuviacha vingine, na hakuna kanuni inayomwambia ni vipi. Umbali kati ya kingamaji moja na jingine nao huamuliwa na mteremko: katika matuta ya Ukambani, yatakayotajwa hapa chini, umbali huo huwa kama mita 20 penye mteremko mpole na hupungua hadi kama mita 5 penye mteremko mkali.

Hadi hapa maelezo yanafaa kwa ardhi yoyote. Katika nchi ya mawe, jembe hugonga mwamba baada ya sentimita chache, na ule mtaro wa sentimita 60 hubaki ndoto. Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kulazimisha, kwa mtaimbo na sururu, au kwa mbinu ya zamani ya kuwasha moto juu ya jiwe na kulimwagia maji baridi lingali na joto ili lipasuke. Mbinu hiyo ni kweli hufanya kazi, lakini kuchoma kuni ili kuokoa udongo, mahali ambapo miti ndiyo iliyokuwa ikiushika udongo huo, ni hesabu ya kujipunja. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya kiufundi hasa, ni kukubali kwamba palipo na mwamba hapachimbwi bali hujengwa: mtaro hukoma kwenye jiwe, na kutoka hapo mstari ule ule wa kontua huendelezwa kwa ukuta mfupi wa mawe makavu, yaani mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha, mpaka ardhi laini itakaporejea. Jiwe lililokuwa kizuizi cha kazi huwa ndilo kifaa cha kazi, na shamba husafishwa kwa kitendo kile kile kinacholijenga.

Kwa bahati njema, ukanda huu wa ziwa una darasa la kale la ukuta wa mawe makavu ambalo halina mfano wa karibu. Thimlich Ohinga, lililo yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ni boma la mawe linalodhaniwa kujengwa katika karne ya 16, nalo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake, ambazo kimo chake ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, zimezunguka maboma kadhaa yenye majina yanayojulikana, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na hakuna tone la saruji lililotumika wala jiwe lililochongwa. Kila ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zilizopangwa kwa mawe makubwa yanayofungana, na kati ya nyuso hizo mna mawe madogo yaliyosukumizwa kuziba mianya na kuzishika nyuso zisitengane. Kuta hizo hazikunyooka. Hujipinda, na kila kipindo huongeza uimara, kwa kuwa ukuta uliopinda una miguu katika pande zaidi ya moja. Maboma ya aina hii, makubwa kwa madogo, yanazidi 500 katika eneo hilo, na yametumiwa na kukarabatiwa na vizazi vya jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, zilizopokezana makazi.

Waliojenga Thimlich Ohinga walikusudia kujikinga dhidi ya wavamizi na wanyama wakali, hawakukusudia kukinga maji, lakini walilitatua tatizo ambalo huliangusha kingamaji la kisasa. Ukuta uliojengwa kwa saruji huyazuia maji nyuma yake, na maji hayo, yakizidi kupanda, huusukuma ukuta kwa nguvu inayoongezeka kwa kila sentimita ya kimo; usipowekewa matundu ya kupumulia, hupasuka au hulala kifudifudi. Ukuta wa mawe makavu huvuja kila mahali. Maji hupita katikati ya mawe yakiwa yamepoteza kasi, na kwa kupoteza kasi huutua udongo yaliokuwa yameubeba, kwa hiyo upande wa juu wa ukuta hujengeka shamba dogo ambalo halikuwapo. Fundi asiyelijua hili huona aibu ukuta wake ukivuja, akatafuta saruji. Fundi anayelijua huhakikisha kwamba unavuja kila mahali kwa usawa, maana hatari iko katika kuvuja mahali pamoja.

Ujenzi wenyewe una mpangilio unaofuatwa karibu kila mahali mawe yanapojengwa makavu. Kwanza huchimbwa mfuo usio na kina, hata kama ni wa sentimita 10 tu, ili safu ya chini isiteleze. Mawe makubwa kabisa hutangulia, upande wao mpana ukilala chini. Kila jiwe la safu ya pili hukalia mawe mawili ya safu ya kwanza ili maungio yasifuatane kwenda juu. Na ukuta huegemezwa kidogo kuelekea mlimani, kwa sababu mzigo wake utatoka huko. Mawe madogo ya kujazia hayatupwi kwa karai, hupachikwa moja moja. Fundi hushika jiwe mara moja tu, yaani akishaliokota hulitafutia mahali badala ya kulirudisha kwenye rundo, na desturi hiyo, inayoonekana kuwa ya kuokoa nguvu, humfunza mkono kusoma umbo kabla ya kuinua uzito. Kazi hii ina raha ambayo ni vigumu kumweleza asiyeifanya: jiwe lililokataa mahali pengi hukubali ghafla mahali pamoja, halitikisiki, na hakuna aliyelilazimisha.

Historia ya makingamaji nchini Kenya haina utulivu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni, ikiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, iliwalazimisha Waafrika kuchimba matuta kwa amri za machifu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, hatua iliyohesabiwa na serikali kuwa sehemu ya kampeni hiyo hiyo ya kuhifadhi udongo. Mwaka 1947 huko Murang'a watu walikataa kazi ya lazima ya matuta, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imebebeshwa wanawake. Matuta hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba aliyeyachimba hakuamua yapite wapi, na udongo uliohifadhiwa ulionekana kuhifadhiwa kwa ajili ya mwingine, huku ardhi nzuri ikiwa mikononi mwa walowezi. Ufundi ukishageuzwa adhabu huwa mbaya pia kiufundi: anayechimba chini ya kiboko hapimi usawa, hupima urefu aliopangiwa kwa siku.

Baadaye, Ukambani huko huko, matuta yalirudi kwa njia nyingine. Mtindo uitwao fanya juu, ambao ulianza kuenea katika miaka ya 1950, humtaka mkulima achimbe mtaro juu ya kontua na kuutupa udongo upande wa juu, si wa chini. Mvua husukuma udongo wa shamba mpaka kwenye tuta hilo, na baada ya miaka kadhaa mteremko huwa ngazi. Kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuuachia uteremke, na kwa kawaida huchukua yapata siku 90 za kazi ya mtu mmoja kwa hekta moja, zaidi penye mteremko mkali. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na vikundi vya mwethya, yaani vikundi vya majirani wanaosaidiana kwa zamu, ambavyo wanawake walikuwa nguzo yake, na ambavyo viliamua vyenyewe shamba la nani litangulie. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichochapishwa mwaka 1994, kilionyesha kwamba wilaya ya Machakos, huko Ukambani, wakati huo ikiwa na watu zaidi ya mara tano ya wale wa miaka ya 1930, ilikuwa na mmomonyoko mdogo kuliko zamani. Hitimisho hilo limejadiliwa sana, na si kila wilaya ina soko la Nairobi karibu yake, lakini hakuna aliyekanusha matuta yenyewe. Mbali na hapa, katika jimbo la Yatenga nchini Burkina Faso, mradi ulioanzishwa na Oxfam mwaka 1979 ulifikia jambo linalofanana kwa mistari ya mawe na mpira wa maji, katika nchi ambayo mwaka mzuri wa mvua ungehesabiwa ukame huko Kisii.

Hata hivyo mfano ulio karibu zaidi na Remba, kwa jiografia na kwa hali, uko upande wa Tanzania wa ziwa hilo hilo. Ukara, kisiwa cha Wilaya ya Ukerewe, ni nchi ya matale, yaani mawe makubwa ya mwamba, yenye watu wengi kuliko ardhi yake ingetazamiwa kuwalisha, na kilimo cha Wakara kiliwashangaza D. Thornton na N. V. Rounce waliokiandikia makala mwaka 1936. Wakara walijenga kuta za mawe kuushika udongo mteremkoni, wakawafunga ng'ombe ndani na kukusanya samadi yao, wakapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, pamoja na uwele ili baadaye wauzike udongoni kuwa mbolea, na wakachimba mashimo kando ya ziwa ya kuoteshea majani ya mifugo. Yote haya yalikuwapo kabla ya afisa wa kilimo yeyote kufika. Jambo la kuzingatia ni kwamba ukuta wa mawe haukusimama peke yake; ulikuwa kiungo kimoja cha mfumo uliohusisha ng'ombe, mti, mbolea na haki ya kumiliki, na Mkara aliyeinua jiwe alijua kwamba mwanawe ndiye atakayelima nyuma yake. Remba haina uhakika huo. Mvuvi huhama kwa kufuata samaki, nyumba ya mabati hufunguliwa na kuhamishwa, na ni vigumu kumtaka mtu apange mawe ya miaka 50 mahali ambapo hajui kama atakuwapo msimu ujao.

Kwa sababu hiyo, na kwa nyingine iliyo nzito zaidi, si busara kuuhamishia Remba mtaro wa Machakos kama ulivyo. Mtaro huyazamisha maji, na penye udongo haba, mwamba wenye nyufa na vyoo vilivyokaribiana na nyumba, maji yaliyozamishwa yaweza kutokea chini yakiwa yamebeba kilichomo vyooni. Kwenye miteremko mikali sana kuna hatari nyingine, kwani udongo mwembamba ulioshiba maji juu ya mwamba wenye utelezi huweza kuporomoka wote pamoja na kingamaji lenyewe. Kinachofaa katika kisiwa cha namna hiyo ni nusu moja tu ya ufundi, ile ya mawe: mistari mifupi ya mawe makavu inayokata vichochoro na mikondo, ya kuyapunguza maji kasi na kuyachuja takataka kabla ya ziwa, huku maji ya mabati, yaliyo safi kuliko ya ardhini, yakielekezwa kwenye matangi. Paa la mita 20 za mraba, katika dhoruba ile ile ya milimita 30, hupokea lita 600, na ni afadhali lita hizo zisiguse mwamba kabisa. Huko Kitui mwamba wenyewe umegeuzwa paa: kwa muda mrefu watu wamejenga vikuta vya chini juu ya majabali ili kuelekeza mvua kwenye mabwawa yaliyo chini yake, kazi ambayo hutegemea usomaji ule ule wa kontua.

Mitaro kamili mahali pake ni bara, Gwasi na Nyatike, na kwenye miteremko ya Rusinga, na faida yake hufika visiwani kwa njia ya mzunguko. Udongo unaotoka kwenye miteremko hiyo, na ule unaoletwa na Mto Kuja kutoka nyanda za juu, huingia ziwani ukiwa na rutuba ambayo shambani ingekuwa baraka, lakini majini hulisha mwani na gugumaji, lile gugu lililoenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo limewahi kuziba fuo za Homa Bay hata mashua zikashindwa kutoka. Mkulima anayepanga mawe mlimani hamjui mvuvi wa Remba, na huenda hawatakutana.

Baada ya ujenzi huja upanzi, ambao hauhitaji maneno mengi: tuta la udongo hupandwa nyasi za makarikari, vetiva au majani ya napia, ambayo mizizi yake hulishika na majani yake hulisha ng'ombe, ndani ya mtaro, penye unyevu, hukubali migomba na mipapai, na chini ya tuta, mbaazi. Kinachohitaji maneno ni matunzo, kwa kuwa kingamaji lisilotunzwa ni baya kuliko kutokuwapo, maana hukusanya maji mengi na kuyaachilia mahali pamoja. Matope ya mtaroni huzolewa kila baada ya msimu na kurushwa juu ya tuta, ambalo kwa njia hiyo hukua kila mwaka bila kuongezewa udongo wa kutoka mbali. Kila kingamaji huachiwa mahali pa kutolea maji ya ziada, mwisho wake au penye mwamba imara, pakiwa pamepunguzwa kimo kwa sentimita 15 au 20 na kutandikwa mawe bapa, ili dhoruba kubwa kuliko hesabu itoke pale fundi alipochagua. Ukaguzi wenye manufaa haufanywi baada ya mvua, wakati kila kitu kimekwisha kutulia na tope limefunika ushahidi. Hufanywa mvua ikinyesha, jembe mkononi, kwa kutembea juu ya tuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kuanzia pale pa kutolea maji, kwa sababu mawe ya hapo ndiyo hutangulia kuhama.